Dramu ya Nne

Lori likilia, dereva hudanganya. Hilo nimelijua kwa miaka kumi na minne ya kulala chali chini ya magari hapa Majengo, Nyeri, mimi Wachuka, fundi wa breki. Atakuambia mlio ulianza jana, kumbe una mwezi. Atakuapia kwamba hajagusa kitu. Kwa hiyo Muriithi, mdogo wangu wa tumbo moja, alipoleta lori la mbuzi mara ya tatu akisema gurudumu la nyuma kushoto linalia tena, nilimtazama kama ninavyowatazama wote.

"Inalia wapi?"

"Pale pale. Nikiteremka Mukurweini. Nikifika hapa kwako, kimya."

Nikapiga jeki, nikalizungusha gurudumu kwa mkono. Kimya. Nikalivua, nikaitoa dramu, lile bakuli la chuma ambalo breki hujibana ndani yake, nikaining'iniza kwa kamba na kuigonga kwa nyundo. Dramu nzima hulia kama kengele. Hii ilitoa sauti ya sufuria mbovu. Nikapitisha ukucha ndani, nikaupata ufa. Chuma kikipoa, ufa unajifunga na mlio unaisha. Kikishika moto mteremkoni, unafunguka na kukwaruza breki. Siku moja dramu ingegawanyika vipande viwili, na chini ya mteremko ule kuna daraja jembamba na bonde refu.

Ilikuwa dramu ya tatu ndani ya miezi miwili, na zote nilizifunga zikiwa mpya.

Kitu kinachopasua dramu mpya namna hiyo ni maji. Madereva wetu wana tabia hiyo. Wakimaliza mteremko na breki zinanuka moshi, huteka maji kijitoni wakayamwagia magurudumu, wakidhani wanayaburudisha. Chuma cha moto na maji baridi ya mlimani havipatani.

"Unamwaga maji," nikamwambia.

"Simwagi."

"Muriithi, mimi si Sakariye." Sakariye ndiye mwenye lori, mfanyabiashara wa mbuzi wa Nanyuki. Yeye unaweza kumdanganya kuhusu breki, lakini si kuhusu mbuzi.

"Wachuka, niko na mtoto wa wiki tatu kwa nyumba. Ati nichezee breki?" Akaigusa ile dramu kwa kidole. "Lakini hiyo gurudumu huwa na maji. Nikisimama pale chini niangalie mbuzi kama zimekanyagana, nikizunguka huko nyuma napata hiyo moja tu imelowa. Na mvua hakuna."

Niliogopa, na mimi nikiogopa hutukana. Nilimtukana hadi mama wa kioski cha jirani akatoka kuchungulia.

Lazima niseme kuhusu Griffins. Alikuwa mume wangu, na lori hilo aliliendesha yeye kabla ya Muriithi. Naye alikuwa mtu wa maji. Tuligombana miaka kumi na mmoja. Nikimwambia anapasua chuma, ananijibu, "Hata chuma ikichoka inanyweshwa." Namwambia sikio la kufa halisikii dawa, anacheka, ananipa shavu la kubusu. Januari, mchana kweupe, alikuwa amechuchumaa kijitoni chini ya mteremko ule ule na jerikeni yake, gari dogo likakosa kona, likamuua. Methali hiyo sijaitumia tena.

Nilifunga dramu ya nne, nikapanda na Muriithi.

Ilikuwa Septemba, saa tisa mchana, jua kali na vumbi jekundu. Mbuzi walipiga kelele kutoka Nyeri hadi mwisho wa mteremko. Muriithi akaegesha kando ya daraja, akaenda upande wa kulia kuwaangalia. Mimi nikasimama kushoto, hatua mbili kutoka kwenye gurudumu. Barabara ilikuwa kavu. Hakukuwa na mtu, wala gari.

Mbuzi wakanyamaza wote kwa mara moja. Nilipoinua macho, walikuwa wamegeuza vichwa kuelekea kijitoni.

Kisha nikasikia jerikeni ikijazwa. Mtu yeyote anaijua sauti hiyo, inavyoanza chini na kupanda. Nikasikia changarawe zikikanyagwa, polepole, na mtu aliyebeba uzito mkono mmoja. Hatua zikanipita karibu sana hivi kwamba nilisikia baridi kwenye kiwiko. Halafu maji yakamwagika juu ya chuma, chsss, mvuke ukapanda, na nyuma ya mvuke hapakuwa na mtu.

Alimwaga kidogo, akangoja. Akamwaga tena kidogo, akangoja. Griffins alimwaga kwa mafungu matatu siku zote.

"Wacha!" nilipiga kelele. "Griffins, wacha! Unapasua dramu! Hii lori si yako sasa, ni Muriithi anaendesha, na ako na mtoto mdogo. Unataka kumuua?"

Fungu la tatu halikuja. Tone moja lilianguka kutoka kwenye ukingo wa gurudumu, kisha lingine. Mbuzi mmoja akalia, na wengine wakaanza pia. Muriithi alikuja mbio akanikuta nimekaa vumbini, akaniuliza nalilia nini. Miaka kumi na mmoja nilimwambia mtu yule aache, akacheka. Safari hii alinisikia mara ya kwanza.

Kesho yake niliigonga ile dramu ya nne, ikalia vizuri. Wiki ikapita, kisha mwezi. Muriithi akanipigia simu kwa furaha: hakuna mlio, gurudumu kavu kabisa, fundi ni wewe. Nilifurahi kwa ajili yake na mtoto wake. Usiku huo sikula.

Jumamosi nilipanda lori tena, nikimwambia nataka kusikiliza bearingi za gurudumu. Pale darajani akaenda kuwaangalia mbuzi wake. Mimi nikasimama mahali pale pale, karibu na gurudumu linalonuka moshi, nikangoja. Mbuzi waliendelea na kelele zao. Changarawe hazikukanyagwa. Muriithi akapiga honi mara mbili, akaniita, mimi bado nimesimama tu.

"Nilikukataza maji," nikasema. "Sikukukataza kuja."