Sekunde Arobaini za Mwalimu Haganuma

Usijifanye hukuona. Filamu ile umeitazama, tena ukitafuna ngisi mkavu, na mtu yule alipobingirika ngazini ukasema, "Lo, mwongozaji huyu fundi!" Kisha kitu kikakuchoma moyoni, ukageuza uso. Mwaka wa arobaini na tisa huu umegeuza uso. Kunitomo Tokuji hakuweza kugeuza wake. Kazi yake ilikuwa kuwa maiti, na maiti hageuki.

Tokuji alikuwa mtu wa chumba kikubwa, kule studio za Kyoto walikorundikwa waigizaji wasio na jina. Alikufa kwa kisu, kwa risasi, kwa kamba, karibu kila mara katika filamu za Haganuma Seizo, zile za majambazi wa yakuza wanaochinjana sokoni. Haganuma! Mtoto wa tajiri wa hariri, aliyelelewa kwa maziwa na piano, halafu akawaambia waandishi amekulia kwenye magendo ya baada ya vita. Majambazi wa kweli walipokuja kumwonyesha namna ya kushika kisu, aliinama hadi paji likagusa mkeka. Filamu arobaini na moja, damu mapipa kwa mapipa, na lake hata tone moja halimo.

Siku ya ngazi, kijana Mizoe alipaswa kuanguka vidato sita. Haganuma akataka kumi na tisa, na magodoro yaondolewe. Mizoe akaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Mtu wa chumba kikubwa haitikii vingine. Akaanguka, shingo ikalia kama kijiti.

Sasa, studio ilikuwa na sheria moja: mwongozaji asiposema kata, hatikisiki mtu. Haganuma hakusema. Kamera ikanguruma. Watu thelathini wakasimama kama nguzo, na Tokuji, amelala hatua mbili kutoka pale, macho wazi, akamtazama Mizoe akiitafuta pumzi. Sekunde arobaini.

"Kata," akasema Haganuma. "Safi sana."

Zikaingia kwenye filamu jinsi zilivyo. Filamu ikapata tuzo, na juzi mzee Haganuma akavishwa nishani. Jumba la sinema likaandaa sherehe ya kumuenzi na kuionyesha tena filamu ile, na Tokuji, miaka sabini na minane, akaalikwa kupanda jukwaani na wazee wenzake. Kwanza akaenda chumba cha mgeni rasmi.

"Mwalimu, pale pa Mizoe paondolewe. Dada yake amekuja. Yuko safu ya nne."

Haganuma alikuwa anamenya chenza. "Toku! Hujafa tu? Na nimekuua mara ngapi!"

"Mia na kumi na mbili. Paondolewe."

"Pale ndipo paliponifikisha Ulaya, bwana wee. Na wewe ulikuwa maiti kweli kweli, hukupepesa hata jicho. Umesahau?"

"Sijasahau. Ndicho kilichonileta."

"Kanywe chai. Ukipanda, sema maneno matamu kama wenzako."

Wenzake walisema matamu, mmoja hata akalia. Zamu ya Tokuji ilipofika, aliwainamia watazamaji, akampa Haganuma mgongo.

"Mtu mtakayemwona ngazini haigizi. Anakufa. Nilikuwa kando yake, nikangoja kuruhusiwa kumsaidia."

Mpumbavu mmoja wa nyuma, akidhani ni mbwembwe, akapiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Haganuma naye akapiga, mshenzi yule, meno nje: "Maiti wangu amejifunza kusema!" Wakacheka. Taa zikazimwa.

Tokuji akashuka, akamshika mkono dada yake Mizoe, wakapita katikati ya viti hadi nje. Msichana mmoja tu wa safu ya mwisho akachukua mkoba wake akawafuata.

Ngazi zinakuja dakika ya hamsini. Sasa hivi ni ya arobaini na nne, na wewe bado umekaa humo ukumbini, umekunja nne, unachungulia wenzako watafanyaje. Inuka! Mwinue na aliye kando yako, mkaugonge mlango wa chumba cha mtambo wa filamu, muizime.