Mwanafunzi wa Kumi na Mbili

Mkuu wa kitivo ana mtindo wake: akitaka kukutwisha mzigo, kwanza anakusifu. "Mwalimu, wewe ndiye maktaba yetu inayotembea," aliniambia. "Kitivo cha tiba ya mifugo kinatimiza miaka arobaini. Nani mwingine atuandikie historia?" Nikavimba kichwa, nikakubali. Mzee gani hapendi kusifiwa?

Kurasa za mwanzo hazikunisumbua. Nilieleza tulivyoanza na vyumba viwili na ghala kuukuu la mbolea, darasa zima likigombania hadubini moja. Nilieleza mafunzo ya miaka mitano: miwili ya kuchambua mizoga huku macho yakichuruzika kwa dawa ya kuhifadhia, mmoja wa maradhi, mmoja wa zahanati ya wanyama, na wa mwisho wa kuzunguka kwenye mazizi ya wafugaji, gumbuti miguuni. Kisha nikafika kundi la nane, kalamu ikagoma.

Waliingia kumi na wawili, wakahitimu kumi na mmoja. Nikaenda kumuuliza mkuu niandike nini.

"Andika mmoja aliacha masomo, yaishe," akasema bila kuinua macho.

Hakuacha. Nilimwachisha mimi.

Alikuwa binti wa mfugaji, mpole hadi wenzake wakamwita Kimya. Mwaka wa nne aliurudia kwa sababu ya homa ya muda mrefu, na kanuni ilisema ukianguka mara ya pili unafunga mizigo. Mtihani uliobaki ulikuwa wa kupima mimba: unavaa glovu inayofika begani, unaingiza mkono kupitia njia ya haja kubwa ya ng'ombe, unapapasa mji wa mimba, unasema ana mimba au mtupu, na kama anayo, ya siku ngapi.

Watahini walitakiwa kuwa wawili. Kila mmoja apime ng'ombe wote alfajiri, kisha walinganishe majibu kabla ya wanafunzi kuingia. Mwenzangu alichelewa siku hiyo, nami nikasema sina haja naye. Wakati ule nilijiona mimi ndiye mimi. Nikapima ng'ombe ishirini na wanne peke yangu, bila kupumzika. Aliyewahi kufanya kazi hiyo anajua: utumbo hubana, na ukifika ng'ombe wa kumi na tano vidole vimekufa ganzi. Yule wa ishirini na mbili nilimwandika mtupu.

Huyo ndiye ng'ombe aliyemwangukia Kimya. Alimpima taratibu, akatoa mkono, akasema, "Ana mimba, mwalimu. Kama siku arobaini na tano."

"Rudia."

Akarudia. Jasho lilimtoka. "Ana mimba."

Nikamwekea sifuri mbele ya wenzake, tena nikamtania kwamba labda ameshika kibofu. Walicheka, nami nikacheka nao. Wiki ile ile akafunga mizigo.

Miezi saba na nusu baadaye, mtunza zizi alinifuata ofisini, kofia mkononi. "Daktari, yule ng'ombe wako mtupu amezaa."

"Alipandwa baada ya mtihani. Andika hivyo kwenye daftari la zizi."

"Ndama wa miezi saba, daktari? Amesimama mwenyewe, ananyonya kama ana deni." Akacheka, kisha akaona uso wangu. "Haya. Nitaandika."

Akaandika, nami nikanyamaza. Ningeweza kumrudisha Kimya siku ile ile kwa barua ya mistari mitatu. Nilikuwa nasubiri kupandishwa cheo, na niliona aibu. Nilijiambia nitaiandika muhula ujao, kisha muhula mwingine, hadi ikapita miaka ishirini na saba. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu ameshaota ndevu.

Nilijua alipo. Ana duka la chakula cha mifugo nyuma ya soko, na miaka yote nimekuwa nikipita barabara nyingine. Safari hii nikaingia. Alikuwa anapima pumba kwenye mizani, miwani puani.

"Shikamoo, mwalimu," akasema mara moja, kana kwamba tuliachana jana.

Nikaitika kwa tabu, nikakataa kiti. Nikamwambia yote: mtahini mmoja badala ya wawili, ganzi ya vidole, ndama, daftari. Nikamwambia nitayaandika kwenye kitabu cha historia ya kitivo, kwa jina langu. Mwishoni nikasema, "Mwanangu, ulikuwa sahihi. Nisamehe."

Hakupiga kelele. Aliiweka chini kata ya pumba.

"Nilivyorudi nyumbani, baba alikuwa na ng'ombe mmoja tu," akasema. "Amekaa sana bila kuzaa, mchinjaji anamtaka. Baba akaniambia, mwanangu, wewe umesomea, hebu mpime. Nikampima. Mkono ukaniambia ana mimba, changa."

"Ukamwambia?"

"Nikakukumbuka wewe. Nikasema, mkono huu ulishanidanganya mara moja. Nikamwambia baba ni mtupu, amuuze." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Walipomchinja, ndama alikuwa ndani. Mdogo, kama kiganja hiki. Mchinjaji alimwita baba aje aone. Mtaa mzima ukasema, kumbe chuo kilifanya vizuri kumfukuza."

Mteja mmoja alichungulia mlangoni, Kimya akamwashiria asubiri.

"Tangu hapo sijavaa glovu tena," akasema. "Kaandike, mwalimu, sikukatazi. Ila baba hatasoma. Alikufa akijua binti yake hakufaa."