Mito Mipya ya Barazani

"Kalia kwanza, dada," fundi Kiplangat alisema, akiupiga mto kofi. "Sponji haijaribiwi kwa macho. Hujaribiwa kwa makalio!"

Nasike alicheka, lakini hakuukalia. Aliubonyeza kwa kiganja, akausikia ukiinuka tena chini ya vidole, akauliza kama kitambaa kitastahimili mvua ya Kitale.

"Hiki? Mvua itachoka yenyewe, bana."

Aliagiza minne ya kijani, rangi ya miwa ya kwao Kabuchai ikishanyeshewa. Mito ya zamani ilikuwa imechakaa, ndiyo, lakini hilo silo lililomtoa nyumbani. Alimtaka mama yake aje. Tangu Nasike aolewe na Ngige, Mama Sellah hakuwa amekanyaga Kitale hata siku moja. Kwao, mama hakalii alipokalia mume wa binti yake. Hiyo ni heshima, haina mjadala. Nasike alikuwa amembembeleza kwa simu mpaka sauti ya upande wa pili ikalegea.

"Nitakuja. Lakini ndani siingii. Nitakaa nje, barazani, na unitandikie kitu kipya ambacho huyo kijana hajakikalia."

Ngige aliambiwa tu asionekane nyumbani Jumamosi. Sababu Nasike aliimeza. Watu wa kina Ngige hukaa na wakwe wakacheka pamoja, na yeye hakutaka mtu awacheke watu wake, hata kwa utani, hata mume anayempenda.

Jumamosi mito ikaletwa. Nasike akaipanga kwenye viti vya chuma vya barazani, akakimbia dukani kununua maziwa. Aliporudi, Ngige alikuwa amejinyoosha barazani, ametabasamu mpaka masikioni.

"Nimepitia kuchukua simu, nikaona fundi hakufunga kamba vizuri. Nimekufungia yote. Na nimejaribu kila mmoja, mama asije akaumizwa na chuma."

"Kila mmoja?"

"Yote minne. Si ni mizuri!"

Nasike aliweka maziwa chini. Maneno yakamtoka kama maji ya mfereji uliopasuka: mama, heshima, mito. Ngige akainuka polepole.

"Si ungeniambia, Nasike? Ati ulidhani nitacheka?"

Langoni mtu alibisha hodi, na Ngige, bila kuambiwa, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Mama Sellah aliingia akichechemea. Safari ilikuwa imemvimbisha miguu. Alimshika binti yake mashavu, akamtazama muda mrefu.

"Umekonda. Au ni hii baridi yenu?" Kisha akageukia ile mito vitini. "Haya, wangu ni upi?"

Neno moja tu lingetosha. *Huu.* Nasike angelisema, na mama angeketi hapo hadi jioni, wangechambua mboga pamoja, angesikia habari zote za nyumbani ambazo simu huzikatakata. Aliitazama ile miguu iliyovimba. Alitaka kusema *huu* kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Ameikalia yote, mama. Sikumwambia. Alitaka usiumie."

Mabega yakaanza kumtikisika Mama Sellah.

"Yote? Huyo mtu ana makalio yenye bidii!"

Wakacheka mpaka Nasike akajikuta analia.

"Nikuombee kiti kwa jirani?"

"Nimekuja kwa binti yangu, sijaja kwa jirani. Lete chai."

Aliinywa amesimama, mkono mmoja umeshika nguzo ya baraza, macho yakipitia dirishani taratibu: makochi, kabati la vyombo, picha ya harusi ukutani. Kila kitu alikiuliza jina na bei, kama mtu anayetaka kwenda nacho kichwani. Miguu ilipokataa kabisa, alirudisha kikombe.

"Shonesha mto mwingine. Uufungie kabatini, na ufunguo ukae na wewe."

"Nitaushonesha Jumatatu, mama. Utarudi lini?"

"Tukishavuna."

Nasike alimsindikiza hadi barabarani, akamshika mkono mpaka gari likafika, na likishaondoka akabaki amesimama palepale. Ng'ambo ya barabara lilikuwa shamba la watu. Mahindi yalikuwa yamefika magotini tu.