Ilani ya Mara ya Tatu

Saa sita mchana Koplo Tusekile anaegemeza kichwa kwenye ngao yake, ndani ya lori la kikosi, na kujiambia kwamba atafumba macho kidogo tu, kiasi cha kupumzisha kope. Tangu asubuhi lori hili limekingama kwenye njia ya mashineni, kule wanakosaga mahindi, na upande wa pili wa uwanja lori jingine limekingama kwenye njia ya bomani, iliko ofisi ya halmashauri; njia nyingine hakuna. Katikati wamejaa watu wa Ilolela na ndoo na madumu matupu, wakitaka uzio uliowekwa kwenye chemchemi yao uondolewe. Katika mfuko wa shati Tusekile ana karatasi ya ilani. Yeye ndiye msomaji wa kikosi, kwa kuwa sauti yake hupenya kelele bila kupayuka, na kazi ya msomaji haina mzaha: ilani ya kuwataka watu watawanyike husomwa mara tatu, na kabla ya mara ya tatu hakuna kirungu kinachoinuliwa. Baada ya mara ya tatu, safu hutembea mbele. Kila anapomaliza kusoma hufunga fundo moja kwenye kamba ya filimbi yake, kama alivyofundishwa na marehemu Sajenti Bukombe, maana penye vurugu akili hupoteza hesabu lakini vidole havipotezi. Halafu kuna kioo cha kofia: msomaji hukipandisha, asome uso ukiwa wazi, ajulikane ni nani aliyesema. Sasa hivi kamba haina fundo. Ilani haijasomwa. Na huko uwanjani yumo Shangazi Anyimike, aliyemlea Tusekile tangu akiwa na miaka minne. Wameonana asubuhi, shangazi na kitenge chake cha kijani na ndoo ya njano kichwani, na wote wawili wakageuza macho. Tusekile anawaza atakavyosoma mbele ya macho yale. Kope zinashuka. Ngurumo ya watu inakuwa nyuki, nyuki wanakuwa mvua juu ya bati, na Tusekile anashuka kwenye lori bila kukanyaga ngazi.

Chini kuna barabara. Imechorwa mistari ya chokaa kama uwanja wa gwaride, na kila anapofika mwisho wa mstari, mwisho unasogea na kuwa mwanzo wa mwingine, naye anautembea huo pia, kwa hatua za gwaride, kwa sababu miguu yake haijui mwendo mwingine juu ya chokaa. Pembeni yake anatembea askari. Kioo cha kofia yake kimeshushwa, na nyuma ya kioo hakuna uso, kuna mawingu yanayopita taratibu. Lakini buti zake zimeng'arishwa vizuri sana, na Tusekile anamheshimu kwa hilo. Afande, anamuuliza, barabara hii inakwenda wapi? Askari anajibu kwamba inakwenda kule inakotoka, ila wengi hufika wakiwa wamechoka na hawapatambui. Naye anauliza, wewe ni wa nani? Tusekile anakaza mgongo na kutaja namba yake ya kazi. Mawingu nyuma ya kioo yanasimama kidogo. Nimekuuliza wa nani, anasema askari, hiyo uliyoitaja ni namba. Tusekile hapendi kujibu kitu ambacho hajakipima, kwa hiyo anaendelea kutembea, na barabara inampa muda, inarefuka kadiri anavyofikiri.

Kisha mji unatokea, na ni Ilolela, lakini kuta zake zote ni ngao zilizosimamishwa, na kila ngao inang'aa kama kioo. Ofisi ya halmashauri iko kushoto badala ya kulia, mashine ya kusaga iko kulia badala ya kushoto, na watu waliomo ndani ya ngao wamebeba ndoo kichwa chini na maji hayamwagiki. Ndani ya ngao moja Tusekile anajiona amevaa sare. Ndani ya ngao ya jirani anajiona amevaa kanga, na ndoo mkononi, na huyo wa kanga anamtazama juu mpaka chini na kusema, wee koplo, hiyo kofia imekumeza, hebu iambie ikuteme tukuone. Watu wanacheka, na Tusekile anasikia na yeye anataka kucheka, ila yuko kazini. Askari asiye na uso anampa kipaza sauti. Nyuma yake wamekwisha kujipanga wenzake wengi, vioo chini, mawingu tupu, safu iliyonyooka kama uzi. Tusekile anapandisha kioo chake, anafungua karatasi na kusoma, kwa sauti ileile inayopenya: Mnaamriwa kutawanyika kwa amani na kurudi majumbani kwenu. Anafunga fundo la kwanza. Na watu wanatii. Hilo ndilo linalomshangaza, wanatii wote, wanageuka na kwenda zao, na kila mmoja anafika mwisho wa mtaa na kukuta ngao, anakutana na sura yake mwenyewe inayomjia, wanagongana mapaji, na anarudi. Uwanja unajaa tena. Anasoma mara ya pili na kufunga fundo la pili. Wanakwenda tena, safari hii wengine wakikimbia, na wanarudi tena wakiwa na jasho, mtoto mmoja akiwa amepoteza kiatu, na Shangazi Anyimike anatoka mbele ya wote, ndoo ya njano kichwani, na kusema bila kupandisha sauti: Umetuambia twende nyumbani, mwanangu. Tumekwenda mara mbili. Hebu tuoneshe nyumbani ni wapi.

Safu inagonga ngao kwa virungu, kwa pamoja, mara moja. Askari wa buti zinazong'aa anainama sikioni kwa Tusekile na kumwuliza, mlango gani hufungwa na yuleyule anayesema tokeni? Na mara hii Tusekile hahitaji barabara ndefu ya kufikiria. Lori letu, anasema. Lori letu limesimama mlangoni. Mwisho wa safu kuna askari mrefu, naye hana uso, lakini sauti yake ni ya Inspekta Kihwelo, mkuu wa kikosi, na sauti hiyo inasema, Koplo, mara ya tatu. Tusekile anageuka kumwelekea, anabana visigino na kupiga saluti iliyo safi kuliko zote alizowahi kupiga. Afande, anasema, mara ya tatu siisomi. Inspekta anamwuliza kama amekwenda upande wa raia. Anamwuliza kwa upole, karibu kama baba, na upole huo ni mzito kuliko ukali. Tusekile anapima kwanza. Anakumbuka siku ya kuapa, mkono juu, jua kali, na Shangazi Anyimike kwenye jukwaa la wageni, aliyesafiri siku mbili na kukaa wima saa nne nzima ili kitenge kisikunjamane, kwa sababu binti yake anaapa kulinda watu na mali zao bila woga wala upendeleo. Wakati ule hakuona kwamba aliapa mbele ya upande mmoja. Askari na raia, wote walikuwa pale.

Mimi ni wa kiapo changu, afande, anasema. Ilani inamwahidi mtu kwamba akitii anaachwa apite. Hawa wametii mara mbili, na sisi tumezuia njia. Nikisoma mara ya tatu, nitakuwa nimesema uongo nikiwa nimevaa nguo hizi, na nguo hizi sijawahi kuzivaa nikasema uongo. Sogeza lori, nitasoma hadi wa milimani wasikie.

 Tusekile ananyoosha ukosi wa shati, ambao aliupiga pasi mwenyewe, na anafurahi kwamba aliupiga vizuri. Kisha anasikia mlio mdogo, tik, wa kioo cha kofia kupandishwa. Nyuma yake kuna uso: Konstebo Mdendemi, dereva wao, na sharubu zake zisizolingana. Tik, mwingine, kijana mwenye machozi anayojifanya ni jasho. Tik, mwingine, anayemtafuta mama yake kwa macho katikati ya watu na kumpata. Vinapandishwa safu nzima, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio, kama amri ya gwaride ambayo haijawahi kuandikwa, na Tusekile anasimama wima zaidi kwa fahari, maana hakijawahi kuwako kikosi kilichopendeza namna hii. Wa mwisho ni yule mrefu. Nyuma ya kioo chake kuna uso wa mtu ambaye hajala tangu jana. Anautazama uwanja kwa muda. Sogeza lori, anasema Inspekta Kihwelo.

Benchi linatikisika. Tusekile anafumbua macho. Paji lake limebanduka kwenye ngao na kuacha jasho, injini inaunguruma, na lori linarudi nyuma polepole. Mdendemi anageuka kutoka usukani na kumwambia kwamba, Koplo, kwa kukoroma kule angeweza kuliwasha lori bila ufunguo. Tusekile anauliza nani kaamuru lisogezwe. Mdendemi anacheka kidogo, akidhani anataniwa, kisha anaona hataniwi. Afande mwenyewe, anasema. Si mmeongea hapo chini, umekakamaa kama nguzo, kabla hujapanda humu? Sisi wote tumekusikia.

Nilikuwa nimelala, anasema Tusekile.

Basi ulilala umesimama, anasema Mdendemi, na kioo juu.

Tusekile anagusa kamba ya filimbi. Kuna fundo. Vidole vinateremka, na kuna jingine. Nje watu wanapita kando ya lori kuelekea mashineni, wakibishana nani atawasemea saa tisa mbele ya mkurugenzi wa halmashauri kuhusu uzio, na mtoto mmoja ana kiatu kimoja. Mkono unagonga bodi ya lori mara mbili. Tuse, inasema sauti ya Shangazi Anyimike, chakula chako nimekifunika, usichelewe.  Tusekile anainama kutazama kioo cha pembeni cha dereva, na humo Ilolela imegeuka, halmashauri kushoto, mashine kulia, na ndoo ya njano inakwenda zake juu ya vichwa vya watu, na katikati yake uso wake mwenyewe, wazi. Anatazama kioo, anatazama nje, anatazama kioo tena, naye hajui yuko upande gani, na hana haraka ya kujua. Pande zote mbili, njia iko wazi.