Mstari wa Mashine Yangu

Kioo cha mashine yangu ya fotokopi kina mkwaruzo. Kila nakala inatoka na mstari mwembamba pembeni kushoto, umepinda kidogo chini kama unyusi. Wateja wamenitania mpaka nimezoea. "Mjomba, leo mstari unauzaje?" Huwa nawajibu kwamba huo ni wa bure, na asiyeutaka aende kwingine. Mimi sina maneno mengi, na asubuhi sina hata hayo machache.

Asubuhi moja aliingia Chiriku, mtoto wa dada yangu, na mdomo wake usiojua likizo. Ana miaka ishirini na mbili. Alikuwa anacheka peke yake.

"Shikamoo, mjomba! Nimepata kazi ng'ambo. Mapokezi, hotelini! Mkataba huu umetoka kwa hoteli yenyewe. Nitolee nakala nimwachie mama. Saa kumi wakala anapita hapo kona kuchukua pasipoti zetu."

"Marahaba. Zenu? Mko wangapi?"

"Kumi na wawili. Tuna kundi letu kwenye simu."

Nikaupokea. Muhuri wa hoteli, sahihi ya meneja, kila kitu kilikuwepo. Na pembeni kushoto, mstari mwembamba, umepinda chini.

Nikauweka mkataba kando ya nakala niliyotoka kumtolea mteja mwingine, na mistari ilikuwa pacha. Hapo nikamkumbuka bwana mmoja mtanashati wa wiki iliyopita. Alileta karatasi yenye nafasi tupu ya jina, akataka nakala kumi na mbili, akalisifia duka langu. Nilimtolea bila kusoma hata neno moja. Nilijichukia kweli.

"Mama," nilimwambia Chiriku, "karatasi hii haijatoka ng'ambo. Imezaliwa hapa, kwenye mashine yangu."

Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa kiganja, akatoa simu na kuwatumia wenzake sauti: "Kila mtu aje dukani kwa mjomba na mkataba wake, sasa hivi. Pasipoti msimpe mtu!"

Kabla ya saa sita duka lilijaa vijana. Walizipanga karatasi zao sakafuni, na kila moja ilikuwa na unyusi wangu. Mmoja wao, kinyozi, akaangua kicheko, wenzake wakafuata, nami nikashindwa kujizuia. Kisha wakaenda wote ofisi ya kazi, Chiriku mbele. Afisa alilitafuta jina la hoteli hiyo kila mahali asilione, akawapigia polisi. Saa kumi wakala alipofika pale kona, hakupewa pasipoti hata moja.

Siku hizi vijana wale wana zamu dukani kwangu kila Jumamosi. Mwenye mkataba wa kazi anauleta, wanausoma naye, wanampeleka ofisi ya kazi kuuhakiki. Chiriku mwenyewe alisafiri mwaka jana kwa njia hiyo. Nakala ya pasipoti yake ipo kwenye droo yangu.

Jana fundi alikuja na kioo kipya. Alipokuwa anafungua mashine, sauti ya Chiriku ikaingia kwenye simu.

"Mjomba, wameniongezea mkataba! Nimeusoma wote kabla ya kusaini. Halafu nikatazama pembeni kushoto. Pasafi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwambia fundi afunge mashine na aondoke na kioo chake.