Ng'ombe Aliyeingia Kwenye Simu

Bibi aliniachia ng'ombe mwekundu. Mama akamuuza, akaninunulia hisa za benki, akasema zitanisomesha chuo. Mjomba Matonya, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa anamchunga kule Bahi. Hakufurahi, ila hakumzuia mama.

Jumatatu uvumi ukaingia kwenye grupu la kwaya ya kina mama hapa Makole, eti mkurugenzi wa ile benki kakamatwa. Bei ya hisa ikashuka. Kina mama, nao walikuwa wamenunua hisa zile zile, wakaanza kuuza, ikashuka tena, ndiyo wakazidi kuuza. Mama alikaa jikoni na simu mpaka ugali ukaungua, wala hakusikia harufu.

Jioni mjomba akashuka kwenye bodaboda, fimbo mkononi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimekuja kumwona ng'ombe."

Mama akacheka bila kutaka. "Kaka, yuko humu kwenye simu."

"Ng'ombe gani hana hata mavi."

"Namuuza kesho. Kwenye kwaya Mama Edina kauza, Gladness kauza. Nibaki mimi tu, mjinga?"

Kwetu ukiweka ng'ombe kwa mtu, unamfuata, unamshika mgongo, ndipo unaamua. Mjomba akanigeukia. "Mwenye ng'ombe si wewe? Kafa au kakonda?"

Mimi hata darasani sinyooshi mkono. Nikaangalia fimbo yake. "Kakonda."

"Sema tusikie."

"Kakonda, mjomba. Mkurugenzi kaongea redioni mchana, hajakamatwa. Watu wanauza kwa sababu wenzao wanauza."

Mjomba akakaa chini. "Mwaka wa ukame jirani aliswaga ng'ombe mnadani, na mimi nikawaswaga wangu. Tulijaa pale, tukauza ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Mvua ikaja tukiwa njiani kurudi."

"Na redio ikiwa imedanganya?" mama akauliza.

"Sijui, mama."

Mama akanipa simu. "Ishike wewe. Ikibaki kwangu nitauza."

Asubuhi, kabla ya shule, nikaifungua. Bei imeshuka tena. Kidole chenyewe kikaenda pale palipoandikwa Uza. Kumbe mama alikuwa anabeba hiki kitu tangu jana.

Nikatoa kidole. Mama alikuwa mlangoni na ufagio, mjomba nyuma yake anavaa kandambili.

"Vipi?" mama akauliza.

"Kakonda zaidi."

Akafagia kidogo, akasimama. "Lakini anatembea?"

"Anatembea, mama."

"Basi mwache," akasema, akamtazama mjomba. "Kaka, chai."