Kwa Murugi, Sophie Bado Yuko Zamu

Nilirudi kazini Jumatatu saa moja asubuhi, nikampata Murugi ameketi kwenye benchi la mlangoni. Taulo begani, sabuni mkononi, na nguo alizovaa ni zile za Jumamosi.

"Anangoja nani?" nikamuuliza Ntinyari, mlezi mwenzangu katika nyumba ya wanawake.

Ntinyari alikuwa anakoroga uji kama mtu anayepigana nao. "Anangoja Sophie."

"Si Sophie alienda?"

"Mwambie wewe. Mimi nimemwambia tangu jana mpaka koo imekauka. Hataki kuoga, hataki kula, na dawa hajameza."

"Dawa gani hajameza?"

"Ya jana jioni. Na ya saa hii pia, vile unaona."

Nikaweka mkoba chini. Murugi ana kifafa. Daktari alituambia, akarudia, kwamba akikosa dozi moja tumwangalie, akikosa mbili tujue tunacheza na moto. Mwaka juzi alikosa mbili. Alianguka bafuni, akavunja jino na kulala hospitali siku tisa. Sasa dozi mbili zilikuwa zimepita, na yeye yuko hapo kwenye benchi anachungulia lango.

Makao yetu yako Giakanja, ukipita soko kidogo. Tunakaa na watu wazima kumi na wanne ambao walizaliwa na ulemavu wa akili. Murugi ana miaka thelathini na minne. Maneno yake hayafiki kumi, na kusoma hajui, lakini kuna kitu anakisoma kuliko sisi wote, na hicho ni ubao wa picha.

Ule ubao ulikuwa hapo kabla yangu. Ni fremu ya mbao kwenye ukuta wa sebule, yenye misumari midogo ndani. Kila mfanyakazi ana kadi yenye picha ya uso wake. Ukiingia zamu unatundika kadi yako. Ukitoka, unaitoa, unaiweka mfukoni, unampungia Murugi mkono, na yeye anakupungia. Ndiyo sheria. Aliye kwenye fremu ndiye yuko kazini, na Murugi anakubali kuogeshwa, kulishwa na kupewa dawa na huyo peke yake. Kama huko kwenye fremu, hata ubebe sahani ya nyama choma, anakutazama kama ukuta.

Nikaingia sebuleni kutundika kadi yangu. Ubao haukuwapo. Yaani fremu ilikuwapo, lakini imewekwa kioo mbele, na kufuli ndogo ya dhahabu pembeni. Ndani ya kioo kuna karatasi kubwa yenye rangi nyingi: HABARI ZA WAFANYAKAZI. Katikati, picha ya Sophie, kubwa kama kalenda, anacheka na meno yote. Chini yake wameandika, Kwaheri Sophie, tunakutakia mema Meru.

Nilisimama hapo. Sophie alituaga Jumamosi kwa keki na hotuba nne. Kadi yake aliitoa vizuri, akampungia Murugi, na Murugi akampungia. Kila kitu kilikwenda sawa. Halafu Jumapili, siku yangu ya mapumziko, watu wakamchukua mtu aliyeenda wakamrudisha kwenye fremu, akiwa mkubwa mara kumi.

"Ni nani alifanya hii?"

"Meneja na Kim," Ntinyari akasema kutoka jikoni. "Ati kamati inayosimamia makao inakuja kesho. Ati ukuta ulikuwa unakaa vibaya na zile kadi za kuchakaa."

"Na hukusema?"

"Nilisema, Watiri! Nikaambiwa niandike barua."

Nikatoa kadi yangu, nikaibandika juu ya kioo kwa gundi ya karatasi, nikamwita Murugi. Alikuja, akaitazama. Akaibandua polepole asiichane, akanitilia mfukoni, akanipungia mkono. Kadi ikiwa nje ya fremu, mwenyewe anaenda nyumbani. Akarudi kwenye benchi lake kungoja Sophie.

Bwana Theuri, meneja wetu, aliingia saa mbili na nusu, suti ya bluu, simu mbili. Si mtu mbaya. Ni mtu wa karatasi. Tangu aende semina fulani huko Nyeri mjini, amekuwa na hizi Habari za Wafanyakazi: nani amepata mtoto, nani amemaliza kozi, nani anastaafu. Mwanzoni alikuwa anatuma kwa simu na hatukuwa na neno.

"Bwana Meneja, naomba tufungue hicho kioo."

"Habari ya asubuhi, Watiri."

"Nzuri. Naomba tufungue kioo. Murugi amekosa dawa mara mbili. Anaona picha ya Sophie, anajua Sophie yuko."

"Basi mwelezeni. Nyinyi ndio walezi."

"Ameelezwa jana siku nzima. Yeye haelewi maneno, anaelewa fremu."

Akavua miwani, akaifuta. "Watiri, kamati inafika kesho saa nne. Kwa miaka mitatu wananiuliza kwa nini hatuthamini wafanyakazi wetu. Sasa nimewathamini, nimewaweka ukutani, na wewe unataka niwatoe?"

"Mimi sijawekwa ukutani. Ni mkono wangu tu unaonekana, umeshika sahani ya keki."

"Utawekwa mwezi ujao."

"Sitaki kuwekwa! Nataka funguo."

"Funguo iko na Kim."

Kim ni karani wa ofisi, kijana wa mtaa wa Skuta, na siku hiyo alikuwa na ruhusa. Nikampigia. Mara ya kwanza hapatikani. Mara ya pili hapatikani. Mara ya sita akashika, na nyuma yake muziki unalia.

"Kim, funguo ya kioo iko wapi?"

"Eh, Watiri! Si niko nayo hapa kwa mfuko?"

"Hapa wapi?"

"Nanyuki. Binamu yangu anaoa. Lakini usijali, kesho asubuhi nitakuwa hapo mapema sana."

"Kim, sikiza. Murugi..."

"Sikusikii, hawa watu wameweka sauti juu. Na ile picha ya Sophie imetoka fiti, ama?"

Nikakata. Nikamwambia meneja tung'oe kile kioo kwa bisibisi. Akasema kimebandikwa kwa gundi, kitapasuka. Nikasema basi kipasuke. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Ati kioo kimekatwa kwa vipimo, kimetoka mjini, na wageni hawawezi kukuta vipande ukutani. Akasema tumpeleke Murugi hospitali akadungwe sindano. Nikamuuliza, atashikwa na watu wangapi? Anajua, kwa sababu hata kumpima presha inachukua watu wanne, na wawili wanatoka wameng'atwa.

Ntinyari akajaribu kuficha dawa ndani ya chai. Murugi hakuiangalia hiyo chai. Akajaribu ndizi mbivu, ambayo Murugi anaipenda kama nini. Akasukuma sahani mpaka ukingoni mwa meza, taratibu, kama mtu anayemrudishia jirani kitu kilicholetwa kwake kimakosa.

Kufika saa nne, nikaona kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto kinaruka. Kidogo tu. Kikatulia, kikaruka tena. Mtu mwingine hangeona, lakini mimi nimekaa na huo mkono miaka minne na ninajua kinachofuata kikianza kuruka hivyo. Niliketi kando yake kwenye benchi, nikawa naangalia.

Ndipo nikaona jambo lingine. Murugi aliinuka, akaacha taulo na sabuni pale, akaingia ndani akatoka na kitana. Akapita mbele yangu. Akapita mbele ya Ntinyari. Akaenda moja kwa moja mpaka ofisini, akamwekea meneja kitana juu ya makaratasi.

"Watiri!" meneja akaita. "Njoo umtoe huyu. Hii ni mara ya tatu. Jana ameniletea kiatu, asubuhi ameniletea soksi, sasa hii. Nina ripoti ya kumaliza."

"Jana alikuletea kiatu?"

"Cha mguu mmoja. Amevaa kimoja, kingine ananipa mimi. Mimi nifanye nini na kiatu?"

Nikarudi sebuleni nikasimama mbele ya kioo. Nikaitazama ile karatasi vizuri, picha kwa picha. Sophie katikati. Wageni ambao Murugi hawajui. Mkono wangu. Na juu, upande wa kulia, Bwana Theuri na suti yake akikata keki. Upande wa kushoto, Bwana Theuri akitoa hotuba. Chini, Bwana Theuri akimshika Sophie mkono. Uso wote, unatazama mbele, safi kabisa.

Nilicheka na kukasirika kwa wakati mmoja. Nikarudi ofisini.

"Bwana Meneja, uko zamu."

"Mimi niko kazini kila siku."

"Hapana. Uko zamu ya Murugi. Uko kwenye fremu mara tatu. Kuoga ni kazi ya mwanamke, kwa hivyo anamngoja Sophie. Lakini hayo mengine yote ameamua ni yako. Tangu jana anakuja kwako na wewe unamfukuza."

"Watiri, mimi ni meneja."

"Yeye hajui meneja. Kamchane nywele, halafu umpe dawa."

"Sijawahi kumpa mtu dawa hapa."

"Najua."

Hilo neno lilitoka vibaya kuliko nilivyotaka. Akaniangalia. Nikamwambia, sasa kwa sauti ya chini, "Kidole chake kimeanza. Hatuna saa moja. Tafadhali, baba."

Sijui ni kidole au ni kuitwa baba. Aliinuka.

Nikamwelekeza. Vua koti, hapendi vifungo vinavyong'aa. Keti, usimsimamie. Usianze na dawa. Anza na nywele, kwa sababu ameleta kitana, na ukiruka kitana atakuona mwizi. Bwana Theuri akaketi sebuleni kwenye kigoda cha jikoni, magoti yakamfika kifuani. Murugi akaketi sakafuni, akajigeuza akampa mgongo, kisha akakumbuka kigoda ni kifupi, akainamisha kichwa.

"Nianze wapi?"

"Nyuma, kwa ncha. Shika na mkono mwingine, usivute."

"Nimevuta?"

"Ungejua."

Simu moja ikalia. Mkono ukaenda mfukoni.

"Ukiacha katikati anaanza upya," nikasema.

"Ni mwenyekiti wa kamati."

"Muda wote kidole kinaruka, Bwana Meneja."

Simu ikalia mpaka ikachoka. Ya pili ikaanza. Ntinyari akaja, akazichomoa zote mbili mfukoni mwa meneja bila kuomba, akaenda nazo jikoni. Siku nyingine angeandikiwa barua ya onyo.

Ilichukua dakika ishirini kuchana zile nywele. Mimi nachukua tano. Mkono wa Murugi ulikuwa kwenye paja, na sasa vidole vilikuwa viwili vinavyoruka. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumnyang'anya kitana. Nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kwa sababu ningetia mkono tu, yote yangerudi mwanzo.

Alipomaliza, Murugi alijipapasa kichwa, akageuka, akafungua mdomo.

"Sasa," nikasema. "Dawa juu ya kijiko, na uji kidogo juu yake. Usimwambie meza. Mngoje."

Uji ulidondoka kwenye suruali ya bluu. Bwana Theuri hakujipangusa. Murugi alikitazama kijiko, akamtazama yeye usoni, akatazama kule ukutani, kwenye keki, kisha akamrudia. Akafunga mdomo juu ya kijiko. Koo likapanda likashuka. Akafungua mdomo tena akatoa ulimi kutuonyesha hakuna kitu chini yake, kama tulivyomfundisha.

Nikaandika kwenye daftari la dawa: saa nne na dakika hamsini. Aliyetoa: Theuri. Nikamngoja Murugi amalize bakuli, na akaongezwa lingine, akamaliza. Saa sita kasoro kidole cha mwisho kilikuwa bado kinaruka mara moja moja. Saa sita na nusu kikatulia. Tukamwangalia mpaka saa nane na hakuanguka.

Hapo ndipo Bwana Theuri alipochukua koti lake. "Sawa. Basi mmeona, imewezekana. Mimi nina mkutano mjini saa tisa, niwaache mwendelee."

"Dozi nyingine ni saa mbili usiku," nikasema.

"Utampa wewe."

"Mimi siko kwenye fremu."

Akatazama kioo. Sophie alikuwa anatucheka sote. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka mara tatu, kisu cha keki mkononi.

"Na chakula cha mchana?"

"Ni sasa. Ni githeri. Anapenda mahindi na maharagwe yapondwe pamoja."

"Na kesho asubuhi? Kim asipofika mapema?"

Ntinyari akatokea mlangoni na bakuli la githeri na mwiko, akasimama tu. Murugi alikuwa ameshaketi mezani, mikono imekunjwa, anamtazama meneja bila haraka.

Bwana Theuri aliutazama ule mwiko. Halafu akaenda kwenye kona tunakoweka zana za bustani, akarudi na jembe, na uso wake haukuwa wa mtu wa semina.

"Mtoeni kwanza," akasema. "Hiki kioo kitapiga kelele, asije akashtuka."

Nikamshika Murugi mkono. Akauondoa, kwa upole. Sikuwa zamu.

"Itabidi umtoe wewe," nikamwambia. "Halafu urudi uvunje."